Kitambaa Kimoja

"Ulisahau?" mke wa bondia aliuliza kwa mara ya tatu. "Taulo, kocha? Ulisahau taulo?"

"Nilisahau, shemeji."

Kocha alikuwa amejibu hivyo kwa siku tisa: kwa daktari, kwa viongozi wa chama, kwa ndugu wa bondia waliomjia juu. Mwanzoni maneno yalimchoma. Sasa moyo ulikuwa umekufa ganzi.

Mtaani watu hurusha taulo kila siku. Aliyeacha shule karusha taulo, aliyechoka na ndoa karusha taulo. Wanalirusha kwa mdomo tu. Kocha ndiye aliyekuwa na taulo la kweli, jeupe, lenye mstari mwekundu, na lilikuwa na kazi moja: kijana akizidiwa, litue ulingoni, pambano liishe. Raundi ya sita aliingiza mkono kwenye mkoba wa bondia, linakokaa siku zote. Akapapasa, halimo. Alipoinua kichwa apige kelele, kijana alikuwa chini. Mpaka leo hajafumbua macho.

"Nikae naye nusu saa tu," kocha alisema. "Nimemlea tangu ana miaka kumi na moja."

"Usikanyage hospitali!" Mwanamke alimpokonya mkoba wa mumewe aliokuja kuurudisha. "Mimi niliamka alfajiri nikafua bukta, soksi, bandeji za mikono, mume wangu aingie ulingoni ananukia sabuni. Wewe ulitakiwa kukumbuka kitambaa kimoja. Kimoja tu!"

Kocha aliona mwanamke ana haki ya kusema hayo na zaidi.

Mwanamke aliketi, akajifuta uso kwa kiganja. "Hata nguo ziko kambani tangu siku ile. Sina nguvu ya kuzianua."

"Nitakuanulia, shemeji. Halafu niende zangu."

Alitokea mlango wa uani. Akatoa vibanio kimoja kimoja: gauni, mashati mawili, foronya, shuka pana la bluu. Nyuma ya shuka, mwisho kabisa wa kamba, lilining'inia taulo jeupe lenye mstari mwekundu, limekauka kau.

Kocha alilitoa vibanio; bado lilinukia sabuni. Kisha akalikunja, akalisukumia ndani ya shati lake, akafunga vifungo mpaka shingoni.

Mlangoni akamkabidhi mwanamke nguo zake.

"Lile taulo nimelikuta asubuhi, shemeji," alisema. "Lilikuwa kwangu. Chini ya kitanda."