Maji Yanarudi

Esperansi aliitupa vali mezani kwa Sabiri, ikadunda ikatumbukia kwenye beseni la samaki wa mapambo anaowauza.

"Mbovu hiyo! Ya pili sasa. Kazi yake si kuzuia maji yasirudi? Mbona yanarudi?"

Sabiri aliiokota, akaipuliza upande mmoja, pumzi ikapita. Akaigeuza, akapuliza hadi mashavu yakavimba. Haikupita.

"Nzima hii, dada. Kwani maji ya tangi yanapungua?"

"Ya tangi nitayapima na nini? Nakwambia chupa ndiyo inajaa!"

Chupa yenyewe ilikuwa na maji, sukari na hamira. Vikichacha kama pombe hutoa gesi, nayo hupita kwenye mpira mwembamba wenye vali hadi kwenye tangi la samaki, kulisha mimea. Lakini mara kwa mara Esperansi aliikuta chupa imejaa hadi shingoni, mchanganyiko umepoa, mapovu hakuna. Mimea ilianza kuwa ya njano. Samaki wawili walishakufa.

Samaki tu? Hebu mtu athubutu kumwambia hivyo! Tangi lile ndilo lililomtoa Gervasi, mumewe, kilabuni. Tangu aape mbele ya padri kwamba pombe basi, jioni zake zote alizimalizia kwenye kiti, anatazama samaki. Esperansi naye aliapa kiapo chake: akinywa tena, anachukua watoto anarudi kwao Ulyankulu. Sasa samaki wakiisha, Gervasi atatazama nini?

Sabiri alimpa vali nyingine bure, ilimradi kelele ziishe. Akamwongezea kichupa cha dawa, maana samaki waliobaki walikuwa na madoa.

Esperansi alichanganya chupa upya, akafunga vali kwa mikono yake. Dawa akaitia tangini kila jioni kama alivyoelekezwa, hadi maji yakawa ya bluu kama wino.

"Huyo Sabiri ni mwizi, mama Inamahoro," Gervasi alimwambia mkewe kutoka kitini, akitafuna karafuu zake za kutuliza jino. "Mchovya asali hachovyi mara moja."

Jumamosi asubuhi ni yeye aliyeanza kufoka sebuleni.

"Imejaa tena!"

Mkewe alipofika, chupa ilikuwa imeshachomolewa, imo kikapuni. "Leo tunaenda wote. Atanitambua!" Esperansi alijifunga kitenge upesi. Juu ya bodaboda ya kukodi, nyuma ya mumewe, alijisikia fahari kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Kumbe ana mtu wa kumpigania.

Dukani, Gervasi alipiga ngumi mezani hadi wapita njia wakasimama. Akaitoa chupa, akaiinua mbele ya pua ya Sabiri.

"Tazama! Maji ya tangi haya! Utaniambia vali ni nzima?"

Sabiri aliitazama chupa. Akamtazama Esperansi, kisha akainamisha macho.

Esperansi naye akatazama. Maji yalikuwa meupe pe, hayana hata chembe ya bluu. Hayakutoka tangini haya, ni ya bomba; akazikumbuka zile karafuu.

Gervasi aliendelea kufoka. Esperansi alitoka nje, akapanda ile bodaboda iliyowaleta.

"Kaka, nipitishe nyumbani nichukue watoto. Kisha utupeleke stendi, kwenye magari ya Ulyankulu."