Koili ya Mtu wa Mashoto

Kwenye meza ya ufundi, Angella alifungua sigara ya umeme ya mpishi mmoja, mteja aliyesimama mbele yake, akavuta pamba iliyoungua, na chini yake akaiona koili, kile kiwaya kinachochemsha kimiminika kiwe mvuke. Kilikuwa kimezungushwa mara sita kuelekea kushoto. Katika soko zima la Jebel, mtu wa mashoto aliyezungusha hivyo alikuwa mumewe peke yake, na wiki tatu zilikuwa zimepita tangu amzike.

Koili nyingine zote za mkono wake zilishakatwa na kutupwa. Hii ilikuwa bado inafanya kazi.

"Nikubadilishie pamba tu," alisema.

"Pamba? Mama, hiyo kitu inanichoma koo kama pilipili. Toa yote!"

Angella akabonyeza kitufe. Waya ukaanza kuwaka katikati, wekundu ukasambaa taratibu hadi pembeni, kisha mguu mmoja wa waya ukafifia; koili ilikuwa imechoka. Angella hakusikia uchungu wowote. Alisikia joto tu kwenye kidole gumba.

Akachukua koleo, akakata huku, akakata kule. Koili ikadondoka mezani, na mpishi akaiwahi.

"Hapana, Mama, hii si ya kutupa. Mzee aliniambia ikichoka nimrudishie yeye mwenyewe, mkononi, aone imeungulia wapi. Leo mzee iko wapi? Amekuachia kazi yote, yeye anakunywa chai?"

Angella aliitazama koili ikizungushwa kwenye vidole vya mpishi, vidole vyenye harufu ya kitunguu.

Akafungua kiganja.

"Weka hapa," alisema. "Nitampelekea."