Mtetea Asiyetulia

Alikuwako Mtetea mmoja aliyeangua kifaranga mmoja tu msimu mzima, naye dhaifu, hasimami, analia tu. Mtetea hakutulia. Alimfunika kwa bawa, akaliinua kuchungulia kama anapumua, akafunika, akainua tena. Kifaranga akazidi kutetemeka.

"Mpe shubiri," alisema Kanga mjuaji.

Mtetea akakimbilia shubiri. Akarudi, akaona haitoshi, akakimbilia pilipili. Mtoto yuko vilevile!

"Shoga, niangalizie mwanangu," akamwambia Bata, aliyesemwa ua mzima kwa uvivu wake, kisha akatoka mbio hadi bondeni kutafuta mwarobaini.

Aliporudi jua la utosi, majani mdomoni, alimkuta kifaranga anakimbiza mchwa. Majani yakamdondoka.

"Umempa dawa gani?"

"Sijampa dawa. Nimemwatamia tu, sikunyanyuka. Mtoto alikuwa anaona baridi."

Mtetea akaona haya. Akamwita mwanawe, akamwatamia, akatulia. Akatulia kidogo. Mara moyo ukaanza kumdunda: mbona kimya? Anapumua kweli?

"Shusha hilo bawa, mama wee!" Bata akafoka.