Mkalimani wa Msimbu

"Anasema nini huyo baba?" ghala zima la korosho lilipiga kelele.

Mwinyimadi, aliyesimama kando ya shuka jeupe, alikohoa kwanza. Mkalimani wa filamu za Kihindi hana haraka.

"Anasema binti yake hamwozi fukara!"

Watu wakaguna. Ilikuwa saa tisa mchana, madirisha yamezibwa kwa magunia, gari la sinema likinguruma nje. Hotuba ya kilimo cha ujamaa ilikwisha, sasa ni raha tupu. Kila gari hilo lilipofika Msimbu, ukalimani ulikuwa wa Mwinyimadi, kwa vile alipata kufagia duka la Mhindi mmoja Kariakoo kwa miezi saba. Kihindi alichotoka nacho huko ni "njoo" na "toka", lakini nani wa kumwuliza?

Leo alikuwa na lake jambo. Mstari wa mbele, ndani ya koti kuukuu la jeshi, aliketi Mzee Mwishehe wa Marui, baba yake Zena, binti aliyempenda. Mara mbili wazee wa Mwinyimadi walikwenda kuposa, mara mbili wakarudi mikono mitupu. "Kijana wenu ana maneno mengi," waliambiwa. Na Ijumaa walikuwa wanakuja waposaji wengine kutoka Mlandizi. Zena alikuwa halali kwa kulia, na Mwinyimadi naye chakula hakipiti.

Kwenye shuka, msichana akamfunga kijana mmoja mwembamba uzi mkononi, kisha akamlisha kipande cha halua.

"Tazameni!" Mwinyimadi akapaza sauti. "Wanaoana kwa siri! Uzi ndiyo ndoa yao!"

Kinamama wakapiga vigelegele. Mzee Mwishehe akapaliwa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

Mwinyimadi akapata moyo. Tangu hapo, kila baba wa kwenye filamu alipofungua kinywa, ilikuwa ni kujuta tu: kumbe kijana mwenyewe ana adabu, tena mchapakazi! Mara mbili Mzee Mwishehe alicheka kabla mkalimani hajasema kitu, lakini Mwinyimadi, kwa furaha aliyokuwa nayo, hakulijali hilo.

Baba wa filamu alipokata roho, wosia wake ulikuwa mmoja: "Enyi wazazi, binti akishapenda, mwozeni!"

Watu walipoanza kutoka, Mzee Mwishehe alimwita kando.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wale wa Mlandizi nitawarudisha. Waambie wazee wako waje Alhamisi."

Mwinyimadi aliudaka mkono wa mzee akaubusu.

"Ila siku ya harusi yenu ukalimani uuache," mzee alisema, akifunga vifungo vya koti lake. "Vita vya Burma vilinikalisha Kalkata, huko India, miaka miwili, mwanangu. Uzi ule dada humfunga kaka yake: wale uliowaoza ni mtu na dada yake."