Pingu ya Sandukuni

Kwa jina la Mola ajuaye yaliyomo vifuani kabla ya ndimi kuyatamka.

Watu wa kisa hiki ni watatu: Abdulmajidi bin Othmani, muuza vitambaa wa mjini Singida, ambaye kwao wanajinasibu na pwani, Mwantum, mkewe, na Sixbert, mhunzi wa Ulemo. Waliosalia ni umati uliopiga mahema Mungaa kwa siku tatu, kuigiza misafara ya kale.

Jumamosi asubuhi Abdulmajidi aliketi hemani, amevaa joho na kilemba cha tajiri wa msafara. Mapajani mwake palikuwa na pingu nene ya chuma, ya kuenea shingo ya mtu, imeachama upande mmoja kama iliyoliwa na kutu.

“Baba Ashrafu, irudishe sandukuni,” Mwantum alisihi. “Marehemu baba aliificha umri wake wote. La ndani halitolewi uwanjani.”

“Na alipokuwa akikata roho aliniambia nini? ‘Msafara ndio uliotuleta Singida.’ Biashara ya watu, Mwantum! Vitambaa vilikuja baadaye.”

Nje, wapagazi walikwisha kujitwika magunia.

“Tajiri, toka!” mmoja alipaza sauti. “Au kilemba kimekulemea? Hebu tubadilishane, uone gunia linavyobembeleza shingo!”

Watu wakaangua kicheko.

Ikawadia zamu ya mateka. Vijana kumi wa Mungaa walifungana kamba shingoni huku wakitaniana, wakamngoja tajiri aamuru safari. Tajiri hakuamuru. Alivua kilemba, akaiinua pingu juu ya kichwa, machozi yakimchuruzika.

“Ndugu zangu, hii si ya maigizo. Imetoka sandukuni kwetu. Wazee wangu waliwafunga wazee wenu. Nakaa kwenu, nala chumvi yenu, na ninaitwa mheshimiwa. Naona haya. Nisameheni.”

Vicheko vikakatika. Bibi mmoja akajikongoja hadi kwake, akamshika mkono.

“Umesema mwenyewe, hukusutwa,” alisema. “Tumekusamehe, mwanangu. Wewe ni wetu.”

Vigelegele vikapigwa, na mbuzi akachinjwa. Mchana kutwa watu walipanga foleni kumwamkia, kwa adabu iliyozidi ya jana. Naye, pamoja na haya zake zote, akajikuta akiitikia marahaba kwa sauti nzito zaidi.

Baada ya sala ya alasiri Sixbert aliingia hemani. Alikuwa ameiazima pingu ili ajifunze namna ilivyofuliwa, apate kutengeneza za mfano wake kwa maigizo ya mwakani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, kijana wangu. Umeionaje?”

“Kazi ya zamani, kazi kwelikweli. Ila kuna jambo.” Akaigeuza pingu mwangani. “Mwenye mateka akitaka kumfungua mtu, huugonga msumari huu ukatoka. Huu haujaguswa tangu ulipotiwa. Lakini tazama huku palipoachama. Si kutu, mzee. Pamesagwa kwa jiwe, kidogo kidogo, siku nyingi, mpaka pakakatika.”

“Na maana yake?”

Mhunzi akaangalia chini.

“Tajiri hatunzi pingu iliyoharibika, mzee, huifua ikawa jembe. Hii imetunzwa na aliyeivua shingoni mwake mwenyewe.”

Nje bado walikuwa wakilisifu jina lake. Abdulmajidi, aliyekiri mbele ya mamia kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, akateremsha pazia la hema, akaifunika pingu kwa kilemba.

“Sixbert,” alinong’ona, “nakuomba kwa jina la Mungu, usimwambie mtu.”

“Mungu awasitiri, mzee,” alijibu mhunzi, “ninyi mliobaki mkiona haya kuwa wana wa waliofungwa.”