Digrii ya Nyumba Hii

Kipande cha ukucha kiliruka kutoka kochini, kikatua katikati ya karatasi, juu kabisa ya maneno "Falsafa ya Siasa".

Mshauri wa masomo kutoka chuoni hakushtuka. Alikipuliza kikaenda zake sakafuni, akalamba kidole na kufunua ukurasa.

"Mwaka wa kwanza ni msingi tu," alisema. "Utangulizi wa sayansi ya siasa, historia ya mawazo ya kisiasa, takwimu."

"Takwimu si ndiyo hesabu?" aliuliza Baba Mkubwa. Alikuwa na kijiti cha meno mdomoni, na kila aliposema neno kilipanda na kushuka.

"Ndiyo hesabu, mheshimiwa."

Baba Mkubwa alimgeukia binti wa marehemu mdogo wake, aliyekaa kwenye kistuli karibu na mlango. "Profesa, utaziweza?"

"Nitaziweza, Baba Mkubwa."

"Unaona? Nyumba hii ina kichwa." Akakitoa kijiti, akakikagua, akakirudisha.

Profesa ndilo jina walilompa humo ndani tangu alipowaongoza wenzake wote katika mtihani wa mwisho wa sekondari. Kuanzia hapo ikawa Profesa, piga deki. Profesa, fua mashuka. Profesa, mbona chai haina sukari? Miaka ilipita na hakuna aliyemtajia chuo. Leo walikuwa wamemtajia. Kwa hiyo aliyameza yote: kijiti, mate ya mgeni kwenye karatasi, na kaka yake, mtoto wa Baba Mkubwa, aliyejilaza kochini mguu juu ya mto, anakata kucha mbele za watu bila haya.

Siasa zenyewe zilimtia kichefuchefu. Alizijua. Ni wale watu waliojaa barazani kila asubuhi wakimchekea Baba Mkubwa, naye akiwachekea na kuwashika mikono, halafu mlango ukifungwa anaagiza sabuni. Yeye alitaka kusomea kazi za maabara. Lakini mlango wa nyuma nao ni mlango.

Mama Mkubwa aliingia na sinia la chai. "Okota hizo kucha, mwanangu, mgeni asije akazikanyaga. Mtaka cha uvunguni sharti ainame."

Profesa aliinama. Zilikuwa nene, za manjano. Alizikusanya kiganjani, akaenda kuzitupa, akanawa, akanawa tena.

Aliporudi walikuwa mwaka wa pili.

"Siasa linganishi, uhusiano wa kimataifa, mifumo ya uchaguzi," mshauri alisoma huku akifyonza chai kwa kelele. "Na hili hapa ni la mijadala. Mwanafunzi anasimama mbele ya wenzake anatetea hoja."

"Litoe hilo," alisema Baba Mkubwa.

"Naweza kusimama, Baba Mkubwa. Siogopi watu."

"Nani kasema unaogopa? Litoe."

"Tuweke la insha," alisema mshauri. "Insha haina matatizo."

"Weka insha mpaka basi," kaka alidakia kutoka kochini. "Huyu ukimpa kitabu asubuhi, mchana anakurudishia jalada."

Wote walicheka. Hata Profesa alitabasamu kidogo, maana ilikuwa kweli.

"Na mitihani?" aliuliza.

"Kila kitu kwa mtandao, dada. Hutoki hapa nyumbani."

"Afadhali," alisema Baba Mkubwa. "Nimpeleke huko chuoni, kesho aniletee tumbo?"

"Baba wewe! Mbele ya mgeni!" Mama Mkubwa alisema, lakini naye alikuwa anacheka.

Profesa aliitazama mikono yake iliyonuka sabuni. Hataona maktaba, basi. Hataona darasa. Lakini atasoma.

Mwaka wa tatu ulikuwa utawala wa umma, utatuzi wa migogoro na tasnifu. "Limebaki moja la hiari," alisema mshauri.

Baba Mkubwa alipunga mkono kama anafukuza nzi. "Achague mwenyewe."

Hakuna aliyewahi kumwambia achague, hata rangi ya kanga. Alisogea mezani, akashusha kidole taratibu, akasimama kwenye mstari mmoja.

"Maadili ya Uongozi."

Kaka alicheka mpaka akakohoa, akatema kwenye kisosi. "Maadili! Mzee, huyu ataniua!"

Baba Mkubwa naye alicheka, kijiti kikamponyoka kikaangukia kwenye chai. Alikichopoa kwa vidole, akanywa. "Mwandikie. Litapendeza sana kwenye cheti. Siku hizi hata kiti cha mtaa hukalii bila digrii."

"Asante, Baba Mkubwa," alisema Profesa. Aliisema kwa moyo wote, na hilo ndilo lililomchukiza kuliko kijiti na kisosi.

"Basi," alisema mshauri, akachomoa simu. "Imebaki picha ya kitambulisho cha chuo. Nitafutieni ukuta mweupe."

Profesa alikwenda chumbani mbio. Alinawa uso, akachana nywele, akavaa blauzi aliyoitunza kwa ajili ya siku kama hii, akafunga vifungo mpaka cha shingoni. Alirudi akasimama ukutani, kidevu juu, mikono imetulia.

Mshauri aliinua simu, akatazama, akaishusha.

"Dada, hebu tupishe hapo kidogo. Tumpige picha mwanafunzi."

Kaka alikuja ukutani akikaza tai ya baba yake shingoni. "Ni mabega tu, si ndiyo?" aliuliza. "Maana huku chini nimevaa kaptula."