Nyumba Inayojulia Hali

Siku hizi kila nyumba ya kupanga humjulia hali mpangaji asubuhi. Mwenye nyumba akiruhusu njia ya kiti cha magurudumu ijengwe mlangoni, serikali hulipa, mradi nyumba isikie kwa mpangaji kwamba njia hiyo bado inahitajika.

"Hujambo, mama?" ukuta ulimuuliza mama yangu, ambaye miguu yake imepooza.

"Sijambo, mwanangu. Wewe je?"

Jioni mafundi wakaja, wakang'oa vyuma vya kushikia chooni. Nyumba imesema mgonjwa amepona, walituambia. Kesho wangevunja njia ya mlangoni.

"Mama, ukiulizwa sema huwezi," nilimsihi.

"Nijibu salamu kwa kulalamika, Mwashamba? Hata ukuta utaniona sina adabu."

"Basi utakaa ndani mpaka ufe!"

Asubuhi ukuta ukauliza tena. Mama alinitazama, akainamisha kichwa.

"Siwezi," akasema. "Sina miguu."

Mafundi hawakuja. Mchana akaingia Bi Msimu, jirani yetu anayetaniana na mama tangu usichana wao.

"Hujambo, shoga?"

Nilingoja mama acheke.

"Siwezi," akajibu kwa sauti kubwa, macho yake yakiwa ukutani.